Kivuli Kisichofutika: Kupima Skrini ya Simu Kabla ya Kikundi Kulipa

SOMO KWA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze kupima skrini ya simu ya mtumba, atofautishe kivuli kinachopita na kivuli cha kudumu, na kikundi kiweke sharti lake kabla ya kutoa mkopo wa simu.

Muda: Saa 1 na nusu.

Vitu vya kuandaa: Kalenda ya zamani iliyokaa ukutani muda mrefu, simu 2 au 3 za kugusa, leso nzito au blanketi, na daftari la kumbukumbu.



Zamani mikopo ya vikundi vyetu ilikuwa ya karo, mbegu, kuku na mabati. Siku hizi ombi la simu haliishi mezani. Wala si anasa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu ni benki, na kwa wengi sasa ni ofisi pia. Mtu wa boda boda anapata wateja kwa simu, mama wa duka anapokea malipo kwa simu, karani wa chama anatunza hesabu kwa simu. Lakini sisi tunaojua kupima mahindi kwa jino, na kumpima ng'ombe kwa macho kabla hatujatoa hata shilingi, tukifika kwenye simu tunaangalia tu kama inawaka.

Somo hili limetoka mitaa ya Eastlands, Nairobi. Ninyi wa vijijini msiseme haliwahusu. Simu ikishachoka mjini, safari yake ya mwisho mara nyingi ni kwenda nyumbani. Kijana ananunua nyingine, ile ya zamani anampelekea mama yake, au anaiuza na inafika soko la kijijini kwenu ikiwa imepanguswa na kuvalishwa kava jipya.

1. KISA

(Kiongozi wa somo asome polepole, mara mbili.)

Kisa hiki nakijua vizuri kwa sababu nina sehemu yangu ya lawama ndani yake. Kikundi kimoja cha Kayole chenye wanachama 18 kilimpa kijana wa boda boda mkopo wa shilingi 11,000 anunue simu. Aliyokuwa nayo ilikuwa ya vitufe, katululu, na wenzake wenye simu za ramani walikuwa wanaitwa na wateja huku yeye anakaa stejini akingoja. Alidhaminiwa na watu wawili, mama mboga mmoja na fundi wa cherehani. Mimi ndiye niliyewashauri wachukue ya mtumba ili pesa itoshe. Tena nilienda naye dukani.

Muuzaji aliiwasha mbele yetu. Kwenye skrini kulikuwa na picha ya maua na machweo, rangi zinang'aa ajabu. Tukapiga simu, tukasikiliza spika, tukajaribu kamera, tukaangalia chaji. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, unaonaje?" Nikamjibu, "Iko sawa. Lipa."

Jioni alipofungua ukurasa mweupe wa kuandika ujumbe, aliona kitu. Chini ya skrini kulikuwa na herufi za kibodi, hafifu kama maandishi ubaoni baada ya kufutwa vibaya, na kibodi yenyewe haikuwa imefunguka. Juu yake kulikuwa na mstari mpana wa rangi ya manjano na umbo la kitufe katikati. Akazima, akawasha, akapangusa na kitambaa. Vikabaki. Kwenye ramani ndiyo kulikuwa na shida zaidi, maana ule mstari ulikaa palepale jina la barabara linapoandikwa, na juani hakuweza kulisoma.

Kesho yake tulirudi dukani. Muuzaji hakufoka, alisema tu, "Mliiangalia wenyewe, mkaridhika." Nami nilikuwa shahidi wa jambo hilo.

Kijana alilipa shilingi 3,000, kisha hasira ikamshika akaacha kuja mikutanoni. Zilizobaki 8,000 zikakatwa kwenye akiba ya wadhamini, 4,000 kila mmoja. Za mama mboga zilikuwa za kumnunulia binti yake vitu vya kwenda sekondari. Mama huyo hakupiga kelele. Aliniangalia tu akasema, "Mwalimu, si wewe ulisema iko sawa?"

Maswali ya kujadiliana

(a) Ni nani aliyekosea hapa? Kijana, muuzaji, wadhamini, mwalimu au kikundi?
(b) Kwa nini ile picha ya maua ilituficha ukweli?
(c) Je, jambo kama hili limetokea kwenye kikundi chetu, hata kama si kwa simu?

2. SOMO LA KALENDA

Sasa kiongozi aondoe ile kalenda ukutani. Kila mtu aangalie mahali ilipokuwa.

Mnaona nini? Mraba wenye rangi nzuri, na ukuta wote unaouzunguka umefifia. Ule mraba si uchafu, na hakuna aliyeupaka rangi. Ukuta ndio uliochoka kwa jua na moshi miaka yote, na pale nyuma ya kalenda hapakuguswa. Ukichukua sabuni na maji usugue mpaka jioni hutaufuta, kwa sababu hakuna kilichoongezwa cha kufutwa. Kuna kilichopungua.

Skrini ya simu nayo iko hivyo. Ina nukta ndogo sana, mamia ya maelfu au hata mamilioni, zinazoitwa pikseli. Katika skrini za aina moja ambazo tutazieleza, kila nukta inatoa mwanga wake yenyewe, kama kibatari kidogo, na kama kibatari inachoka kwa kuwaka. Nukta zilizoonyesha kitu kilekile kila siku, kwa mfano mstari mweupe wa chini au saa ya juu, zinachoka kabla ya jirani zake. Siku ukiweka ukurasa mmoja mweupe, waliochoka wanatoa mwanga kidogo kuliko wenzao, na umbo la kile kilichokaa pale linaonekana. Hicho ndicho kivuli, na muuzaji mkweli atakwambia mapema, "Hii iko na kivuli kidogo."

Jambo hili si geni. Televisheni za zamani za kichogo kirefu, kompyuta za wakati huo na mashine za benki za kutolea pesa zilikuwa na unga maalumu ndani ya kioo uliong'aa ukipigwa na umeme. Unga huo pia ulichoka. Mashine ya benki iliyoonyesha maneno yaleyale mchana na usiku iliishia kuwa na maneno hayo yamechorwa kwenye kioo hata ikiwa imezimwa. Zile picha za kuruka ruka tulizokuwa tukiziona kwenye kompyuta za ofisini ikikaa bila kuguswa hazikuwa urembo tu. Ziliwekwa ili kitu kisikae mahali pamoja.

3. AINA MBILI ZA SKRINI

Aina ya kwanza ni LCD. Kwenye boksi utaona herufi LCD, au IPS. Nyuma ya skrini kuna taa moja inayomulika kote, na mbele yake kuna kemikali za majimaji zinazofungua na kufunga njia ya mwanga kama mapazia. Simu nyingi za bei ya chini ni za aina hii. Picha ikikaa muda mrefu, yale mapazia yanaweza kuzubaa kidogo kwa sababu ya chaji ya umeme iliyojikusanya mahali pamoja, na kivuli kikaonekana. Kwa kawaida kivuli hiki kinapita. Ipumzishe simu, badilisha picha, kitapungua chenyewe.

Aina ya pili ni OLED, na jina lake jingine kwenye boksi ni AMOLED. Ndiyo ile ya vibatari. Ilianza kwenye maabara ya kampuni ya Kodak huko Marekani, ambapo Ching Tang na Steven Van Slyke walitangaza kazi yao mwaka 1987. Samsung iliipeleka kwa watu wengi kupitia simu zake za Galaxy S kuanzia mwaka 2010, na iPhone ya kwanza yenye skrini hiyo ilikuwa iPhone X ya mwaka 2017. Rangi zake ni nzuri, nyeusi yake ni nyeusi kweli, na ni nyembamba. Lakini ndiyo inayopata kivuli cha kudumu.

Skrini ya OLED ina nukta za nyekundu, kijani na buluu. Ile ya buluu ndiyo dhaifu, inachoka haraka kuliko wenzake. Ndiyo maana sehemu iliyoungua mara nyingi inaelekea manjano, kwa kuwa buluu imepungua kwenye mchanganyiko.

Msidhani ni ugonjwa wa simu za bei ya chini. Mwaka 2017 Google ilitoa simu yake ya Pixel 2 XL, ya bei kubwa, na baada ya wiki chache wanunuzi wakaanza kulalamika kuhusu vivuli. Kampuni ikaongeza waranti ikawa miaka 2, na ikabadilisha programu ili vitufe vya chini vififie visipotumika. Nayo Apple huwaeleza wanunuzi wake kwamba skrini za aina hii zinaweza kupata alama baada ya matumizi ya muda mrefu. Hivyo ndivyo kifaa kilivyo. Kosa ni kulipia iliyochoka bei ya ambayo haijachoka.

4. NANI ANAICHOSHA SKRINI?

Mambo matatu yanachosha skrini: kitu kilekile kukaa mahali pamoja, mwangaza kuwekwa juu kabisa, na joto. Yakiungana, kazi inaisha haraka.

Sasa tuangalie kazi za watu wetu wa Eastlands.

Mtu wa boda boda anafunga simu kwenye usukani kutoka Donholm hadi mjini na kurudi. Programu ya wateja, iwe ni Uber au Bolt, iko wazi kutwa, kitufe chake mahali palepale. Jua la saa saba linampiga, anaongeza mwangaza mpaka mwisho ili aone. Simu inachaji hapohapo, ina joto kama chapati.

Wakala wa pesa wa Umoja anaacha ukurasa mmoja wazi tangu asubuhi mpaka saa tatu usiku, kwa sababu wateja hawangoji.

Duka la simu nalo linaweka simu ya maonyesho kwenye kabati la vioo, inaonyesha tangazo lilelile, mwangaza wote, siku baada ya siku. Baadaye inauzwa kama mpya kwa bei iliyopunguzwa kidogo. Mwenye kuinunua anasema hakuna aliyewahi kuitumia, lakini skrini yake imefanya kazi kuliko ya mtu wa boda.

Wala tusiwacheke. Ni watu wa kazi na simu zao zimefanya kazi, kama jembe linavyoisha makali. Lakini ukinunua jembe la mtumba, unaangalia makali yake kwanza.

5. KUPIMA SKRINI: HATUA 7

(Kiongozi agawe watu katika vikundi vya watu 4 au 5. Kila kikundi kipime simu moja, hatua kwa hatua.)

Hatua ya 1. Ondoa picha ya muuzaji. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Picha yenye rangi nyingi huficha kivuli kama kitenge chenye maua kinavyoficha doa. Doa huonekana kwenye shuka jeupe.

Hatua ya 2. Jua ni skrini ya aina gani. Fungua picha nyeusi tupu, mwangaza juu, kisha jifunike na leso au blanketi pamoja na simu. Kama nyeusi inatoa mwanga wa kijivu hafifu, ni LCD. Kama ni giza tupu huwezi kujua simu imewaka, ni OLED. Dukani unaweza kuiingiza ndani ya koti. Wakicheka, waache wacheke.

Hatua ya 3. Fungua ukurasa mweupe, halafu wa kijivu. Beba picha hizi tayari kwenye simu ya rafiki uzitume, au tafuta kwenye intaneti palepale. Kijivu ni muhimu sana: weka mwangaza wa kati, usiwe juu wala chini. Kivuli kinachojificha kwenye nyeupe kali hujitokeza kwenye kijivu.

Hatua ya 4. Fungua nyekundu tupu, kijani tupu, buluu tupu, moja baada ya nyingine. Kwa simu nyingi za Samsung, piga *#0*# kama unayetaka kupiga simu, na itakuletea ukurasa wa majaribio wenye rangi hizo. Kwenye buluu angalia mara mbili.

Hatua ya 5. Jua pa kuangalia. Juu kabisa, panapokaa saa na alama ya betri. Chini kabisa, panapokaa vitufe vitatu. Nusu ya chini, panapokaa herufi za kibodi. Halafu katikati, kama kuna umbo la ramani, nembo au maandishi. Geuza simu upande, uangalie tena.

Hatua ya 6. Piga picha ya skrini kwa simu yenyewe, kwa kubonyeza kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti kwa pamoja. Itume kwa simu nyingine, uitazame huko. Picha hiyo inatoka kwenye kumbukumbu ya simu na haipitii kwenye skrini. Kwa hiyo kama kivuli kimekuja nayo, kosa ni la programu na linaweza kurekebishwa. Kama simu ya pili inaonyesha ukurasa safi na ya kwanza ina kivuli, basi kivuli kiko ndani ya skrini.

Hatua ya 7. Ipumzishe. Zima skrini, nenda ukanywe chai, rudi baada ya dakika 20 au 30. Kivuli kilichopungua sana au kwisha kilikuwa cha kupita. Kilichobaki vilevile, kihesabu ni cha kudumu. Muuzaji akikukataza kungoja, umepata jibu lako.

Kumbuka, hatua hizi ni za skrini tu. Betri, spika, kamera, kuchaji na laini zipimwe kama kawaida. Na piga *#06# upate namba ya simu yenyewe, iandikwe kwenye risiti.

6. DAWA ZA KWELI NA ZA UONGO

Baada ya kupata kivuli, watu huanza kutafuta dawa. Mwingine atakwambia upake dawa ya meno. Mwingine uiweke kwenye friji. Hakuna hata moja inayorudisha nguvu ya nukta iliyochoka. Dawa ya meno itachubua kioo cha nje, na friji italeta unyevu ndani.

Kuna programu zinazowasha rangi moja moja kwa saa nyingi, zikidai kufuta kivuli. Kwa kivuli cha kupita zinaweza kusaidia, ingawa hata kupumzika kungetosha. Kwa kivuli cha kudumu kwenye OLED zinachofanya ni kuchosha nukta nzima zifanane na zilizochoka. Ni kama kufifisha nyuma ya kalenda ili mraba usionekane. Ukuta wote sasa umefifia.

Dawa ya kweli ni moja tu, kubadilisha skrini. Kabla hujakubali, muulize fundi maswali matatu. Anaweka skrini ya OLED au LCD? Kuna nyingine zinazowekwa LCD badala ya OLED kwa kuwa ni rahisi kwa bei, na kwa simu zenye alama ya kidole ndani ya skrini mara nyingi alama hiyo haitafanya kazi tena. Atatoa waranti ya siku ngapi? Na bei yote, pamoja na kazi yake, ni ngapi? Halafu piga hesabu. Simu ya 11,000 ikihitaji skrini ya 6,000, simu hiyo bei yake ni 17,000. Je, kwa 17,000 hungepata nzima?

Lakini msiogope kivuli kupita kiasi. Hakidhuru macho, hakiambukizi simu nyingine, hakiharibu betri wala pesa yako ya M-Pesa. Kikiwa hafifu na bei imeshuka ipasavyo, mtu anaweza kuinunua akiwa ameona kwa macho yake. Simu kama hiyo inaweza kuwa ya karani wa kikundi kwa miaka. Na hata ikishindwa kazi hiyo, itafaa kwa redio na tochi. Ni heri kuliko kuitupa, maana dampo la Dandora lina mzigo wa kutosha.

7. KUTUNZA ULIYO NAYO

Kinga ni bora kuliko tiba. Ingia kwenye mipangilio ya simu ufanye haya leo:

- Weka skrini ijizime baada ya sekunde 30 au dakika 1.
- Punguza mwangaza, au iachie simu ijipimie yenyewe. Usiku hakuna haja ya mwangaza wa mchana.
- Washa mandhari meusi. Kwenye OLED, nukta nyeusi zimezimwa, kwa hiyo hazichoki, na betri inadumu.
- Kama simu inaruhusu, ondoa vitufe vitatu vya chini, utumie kutelezesha kidole.
- Zima ile saa inayobaki ikiwaka simu ikiwa imelala, kama huihitaji.
- Badilisha picha ya nyuma mara kwa mara.
- Mtu wa boda boda, tumia sauti ya ramani na uzime skrini barabara ikiwa ndefu. Macho yako yatabaki barabarani, nawe utafika salama. Ukiegesha, itoe simu juani.
- Wakala, funga ukurasa mteja akiondoka. Unaokoa skrini, na pia unazuia macho ya mpita njia.

8. SHERIA INASEMAJE?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa hiyo auze kitu chenye ubora unaokubalika sokoni.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo kikundi chetu kilipoangukia. Sheria hiyohiyo inasema kwamba mnunuzi akikagua bidhaa, kinga hiyo haihusu kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo kukagua nusu nusu ni hatari. Umeshika, umegeuza, umesema sawa, halafu kasoro ilikuwa mbele ya macho yako. Na ukinunua kwa mtu binafsi ambaye si mfanyabiashara wa simu, kinga hiyo ya ubora haipo kabisa.

Kwa hiyo dai risiti yenye jina la duka, tarehe, namba ya simu hiyo na maneno haya: "Skrini imepimwa, haina kivuli," au "ina kivuli, bei imepunguzwa." Kama muuzaji amekuandikia haina, na ina, una jambo la kusimamia. Anza kwa kuzungumza naye kwa upole. Mkishindwana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili.

9. UAMUZI WA KIKUNDI

Kile kikundi cha Kayole hakikuvunjika. Baada ya miezi miwili tulikaa tena, kijana naye akaitwa akaja. Nilisimama mbele yao nikasema kosa langu: nilipewa imani ya mtu anayejua, na sikujua, na sikusema kwamba sijui. Kikundi kikaamua wanachama wote wabebe nusu ya hasara, kijana alipe nusu kidogo kidogo, na wadhamini warudishiwe. Bado anaitumia ile simu, anasikiliza ramani kwa sauti. Mama mboga alirudishiwa zake, ila zilifika binti akiwa ameshaenda shule na sanduku la kuazima. Mpaka leo mama huyo hamdhamini mtu. Simlaumu.

Sharti walilopitisha siku hiyo ni fupi, nanyi mnaweza kulijadili na kulibadilisha lifae kwenu:

(i) Pesa ya mkopo wa simu haitolewi mkononi kabla simu haijapimwa.
(ii) Watu wawili, mmoja wao mdhamini, wanaenda na mkopaji na wanafuata hatua 7.
(iii) Matokeo yanaandikwa kwenye daftari la kumbukumbu na risiti inabaki kwa mwekahazina mpaka mkopo uishe.
(iv) Asiyejua aseme hajui. Hakuna aibu.

Maswali ya kumalizia

(a) Katika simu tulizopima leo, tumeona nini ambacho wenyewe hawakukijua?
(b) Ni nani kati yetu atakuwa wapimaji wawili wa kikundi, na nani atawafundisha wengine?
(c) Kuna vitu gani vingine tunavyovikopea pesa bila kuvipima, kama mashine ya cherehani, pikipiki au tangi la maji? Tutavipimaje?
(d) Ukimpelekea mzazi simu uliyoitumia, utamwambia nini kuhusu skrini yake?

Kazi ya nyumbani: Kila mwanakikundi apime simu yake mwenyewe kwa ukurasa wa kijivu kabla ya mkutano ujao, na ailetee kikundi habari. Kalenda ile ya zamani irudisheni ukutani, lakini ining'inizeni mahali pengine.